Nimemaliza chuo cha udereva hapa Tanga, mwalimu safi ila muda wa usukani kiduchu

Naandika hii kwa sababu tangu nipost picha ya leseni watu wananijia inboksi na swali lilelile, dada ulisoma wapi na inachukua muda gani mpaka mtu awe tayari kwa mtihani wa trafiki. Chuo chenyewe sikitaji jina, maana kuna mazuri na mabaya nitayasema na sitaki kesi na mtu, mjue tu ni hapahapa Tanga mjini, ofisi ina feni moja na magari ni ya manual ya zamani yenye ile L kubwa nyekundu. Na vyuo vingi hapa mjini utaratibu wao unafanana mno kwahiyo hata ukienda cha jirani mengi ya humu yatakuhusu.

Kwa wale wasiopenda marefu: kufundisha wanajua, alama za barabarani wanakukaririsha mpaka unaziota, bei sio mbaya, lakini ukitegemea ile paki ya kawaida (yani kifurushi cha masomo cha wiki nne) peke yake ndo ukasimame mbele ya trafiki, basi omba Mungu sana.

Haya tuje kwenye muda maana ndo penyewe.

Tangazo linasema wiki nne. Mtu akisikia wiki nne anaona mwezi mzima huo, nikitoka hapo naendesha mpaka Dar. Hebu tupige hesabu. Wiki nne, Jumatatu mpaka Ijumaa, ni siku 20. Gari moja mnaingia wanafunzi wanne au watano, zamu yenu inachukua saa moja na dakika kadhaa, ikiisha mwalimu anatakiwa awahi kuchukua zamu nyingine. Kwahiyo kila mtu anashika usukani dakika 15, ukibahatika 20. Sasa hata tuseme siku zote 20 gari halijaenda gereji, hakuna sikukuu, hakuna siku ya nadharia, na kila siku umepewa robo saa yako kamili bila kupunjwa, hiyo ni dakika 300. Masaa matano. MATANO jamani, ndo wiki nne zako hizo. Na humohumo ndani ya robo saa kuna kuvuta siti mbele, kufunga mkanda, kupanga vioo, kumsubiri mwenzio ashuke aende nyuma, kuna na mwalimu kupokea simu ya ofisi.

Ndo maana mtu akiniuliza wiki ngapi namwambia mie wiki sizijui, nenda kaulize dakika ngapi za usukani kwa siku na ndani ya gari mnakuwa wangapi. Mie nilivyouliza pale mapokezi yule dada akanijibu "aa dada yangu, inategemea na uelewa wako". Uelewa wangu tena! Uelewa unakuja na kuendesha, sasa utakuja saa ngapi kama niko siti ya nyuma katikati, magoti yamebanwa na mikoba ya watu?

Nisiwe mchoyo lakini, kukaa nyuma nako kuna faida yake. Mwalimu wetu, mzee mmoja mtaratibu sana mtu wa Pangani, alikuwa akiona mtu kashika simu kule nyuma anamwambia mwanangu weka simu, macho nayo yanaendesha. Na kweli, ukimuangalia mwenzio anavyoingia kipilefti bila kuangalia kulia unajifunza. Ila macho hayawezi kukufundisha klachi. Klachi ni mguu, na mguu mpaka uikanyage na kuiachia mara mia kidogo, gari litetemeke, lizime, uwashe tena, mwenye bajaji nyuma yako akupigie honi, afu siku moja tu unashtukia mguu umejua wenyewe.

Na hapa ndo kuna jambo ambalo sikuona mtu akilieleza pale chuoni. Robo saa kwa siku mwanzoni inatosha kabisa, tena nzuri, maana siku za kwanza mguu unachoka na kichwa kinajaa haraka, ukizidisha unaanza kuharibu. Shida inakuja ukishafika wiki ya tatu. Hapo unahitaji kukaa kwenye usukani muda mrefu, mwili utulie, ukutane na bodaboda, ukutane na mwenda kwa miguu, urudi rivasi, upaki, uondoke tena bila kuambiwa. Robo saa inaisha ndo kwanza umepata moto, "haya mwingine". Kesho yake unaanza kujikumbusha upya. Mie kama ningekuwa na chuo ningeanza na robo saa afu wiki mbili za mwisho nusu saa au dakika 45 kila mtu, hata kama siku zipungue.

Nina shemeji yangu yupo Birmingham, nilivyomwambia kuhusu masaa matano alicheka sana. Kule Uingereza mamlaka yao ya mitihani ya udereva inasema kwa wastani mtu anahitaji kama masaa 45 ya kufundishwa na mwalimu na mengine 22 ya mazoezi binafsi, na siku ya mtihani unatembezwa barabarani kama dakika 40. Australia kwenye jimbo la New South Wales ndo balaa, kijana chini ya miaka 25 anatakiwa ajaze kwenye daftari masaa 120 ya kuendesha, 20 kati ya hayo yawe usiku. Wajerumani nao wana safari 12 za lazima na mwalimu, za barabara kuu za nje ya mji, za ile barabara yao ya mwendo kasi na za gizani.

Sasa msianze kunishambulia, sisemi Tanga mtu afanye masaa 120, hiyo hela nani anayo na mafuta bei yake mnaijua. Lakini toka 5 mpaka yale 67 ya Uingereza (45 na 22) kuna kijia kirefu kidogo, na si kwamba barabara zetu ni rahisi kuliko zao, Birmingham hakuna mtu anakatiza na baiskeli amebeba ndoo ya samaki mkono mmoja. Kwa niliyoyaona mwenyewe kwa wenzangu tuliokuwa nao, mtu ambaye hajawahi kabisa kukaa siti ya dereva akipata masaa kumi na tano mpaka ishirini ya usukani, kweli ya usukani sio ya siti ya nyuma, anakwenda kwenye mtihani akiwa mtu. Waliokuwa bodaboda wanawahi zaidi, barabara tayari iko kichwani, gia anazielewa, kukadiria nafasi anajua. Kazi kwao ni kuwatoa ile tabia ya kupenya kushoto kwa watu, wanasahau sasa hivi wana gari zima na mlango unaogusa.

Uwanja wa mazoezi nao una mambo yake. Mwanzo wanakupeleka Raskazone asubuhi, barabara pana, miti, kimya, upepo wa bahari, unajiona dereva kabisa. Watu wengine ndo wanafundishwa hukohuko karibu mwezi mzima, afu siku ya mtihani wanaingizwa mjini wanatetemeka. Ukiona mwalimu wako hakutoi Raskazone mwambie kwa adabu, mwalimu naomba leo tupite Ngamiani.

Mie Ngamiani ndo imenifundisha kuendesha. Zile barabara za namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, unapanda hivyo mpaka ishirini na ngapi huko, kila ukienda kidogo njia panda. Kila njia panda unapunguza mwendo, unashusha gia, unaangalia kulia, kushoto, kulia tena, unaondoka. Ndani ya robo saa moja ya Ngamiani unapata njia panda nyingi kuliko utakazopata Raskazone wiki nzima. Ongeza baiskeli, na Tanga kwa baiskeli hatujambo, mzee wa kanzu anapita katikati taratibu hana haraka na hageuki nyuma, mtoto kampakia mdogo wake, muuza mkate, na hakuna hata mmoja atakayekunyooshea mkono kwamba nakata kona. Unajifunza kumsoma mtu kwa mabega yake.

Kuna na reli. Kutoka mjini kuingia Ngamiani lazima uvuke, na kwa kuwa treni haipiti kila saa watu wamezoea wanapita tu kama hakuna kitu. Mwalimu wetu alikuwa haambiliki hapo, unasimama, unaangalia pande zote, unashusha kioo usikilize, unaweka namba moja na huibadilishi gia mpaka tairi za nyuma zimetoka kwenye chuma, maana ukizima katikati ya reli utapaniki. Tulikuwa tunamcheka kimoyomoyo. Siku ya mtihani tulipita hapo na afande kakaa pembeni, nikashukuru.

Kitu Tanga mjini hatuna ni mlima. Mji tambarare, kwahiyo ile kuondoa gari kwenye mwinuko bila kurudi nyuma, hendibreki juu, klachi mpaka iguse, mafuta kidogo, achia, watu wengi wanamaliza chuo hawajaifanya vizuri. Sisi tulipelekwa kwenye kale kamteremko ka kushukia baharini, kila mtu akajaribu kidogo basi. Kwa mtihani wa hapa unaweza ukapona, lakini je ukipangiwa kazi Lushoto? Ile barabara toka Mombo ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda kona juu ya kona, afu nyuma yako kuna fuso. Hapa chuo nawakata maksi, hata kuwapeleka watu Jumamosi moja upande wa Muheza huko kwenye vilima wangechangisha mafuta tungelipa.

Usiku ndo sifuri kabisa. Hakuna zamu ya usiku, hakuna anayeizungumzia. Mtu anapata leseni hajawahi kuwasha taa kubwa na kuzishusha akiona mwenzie anakuja, na baiskeli zetu hizi hazina taa mbele wala nyuma. Mvua vilevile, ikinyesha zamu inaahirishwa. Mie wakati wa masika nilimng'ang'ania mwalimu tukatoka nayo hivyohivyo, vioo vimejaa ukungu, hiyo zamu moja ilikuwa na maana kuliko kumi za jua. Na kama unasoma mwezi wa Ramadhani kwepa zamu ya saa kumi na moja jioni, kila mtu anakimbilia futari na hakuna anayemvumilia mwenye L.

Mwalimu nimpe haki yake. Hapigi kelele. Siku za kwanza hakuruhusu mtu aguse mafuta kabisa, unaliondoa gari kwa klachi tupu kwenye tambarare, taratibu, unarudia na kurudia, mpaka unaijua pale inaposhikia. Wengine waliona anawapotezea muda ila ndo hao hao baadae walikuwa hawazimishi gari. Alitufundisha pia kuhesabu ukiwa nyuma ya gari, la mbele likipita nguzo unahesabu sekunde mbili, ukiifikia nguzo kabla hujamaliza uko karibu mno. Spidi ya 50, ambayo ndo mwisho wetu ndani ya mji, gari linakula karibu mita 14 kwa kila sekunde moja, kwahiyo ukiangalia simu sekunde mbili umeshatembea mita 28 ukiwa kipofu. Nilikuja kuielewa vizuri siku tuliyoenda mpaka Pongwe nyuma ya malori ya simenti. Mvua ikinyesha alisema zihesabu nne.

Ila kuna mwalimu mwingine kijana, huyo anapokea zamu mzee akiwa na udhuru, simu haitoki mkononi, na akikwambia kata kona anakwambia ukiwa umeshaipita. Ukipangiwa huyo omba kubadilishwa, wanabadilisha, nilishuhudia.

Suala la manual na auto. Wengi wetu nyumbani tuna IST, Vitz, Passo, zote auto, na chuo kinafundisha manual. Watu wanalalamika nusu ya masaa yanaishia kwenye klachi na gia ambazo hawatazitumia. Ni kweli inakula muda, kama ungejifunza auto tupu nadhani ungekuwa tayari kwa muda mfupi zaidi. Mie bado nasema soma manual, siku ukipewa gari la ofisi au kuna mgonjwa na gari lililopo ni pikapu la jirani utafanyaje? Ila ukiwa na masaa matano tu basi hata mie ningelalamika.

Mtihani sasa. Nadharia kwanza, alama na sheria, hapo kama ulihudhuria darasa hupati shida, darasa lao la alama nalipa nyota tano kabisa, wana mabango ukutani na mkufunzi anakuuliza moja moja bila mpangilio. Afu barabarani. Afande niliyempata alikuwa mkimya, "dada washa twende", basi. Rivasi kati ya vijiti, kupaki, kuondoka, njia panda, kipilefti, reli, kurudi. Sio mrefu.

Nilichokiona kwa walioanguka siku ile, hakuna hata mmoja ambaye hakujua kuendesha. Kaka mmoja gari analipeleka laini kabisa kutushinda sote, kaondoka bila kuangalia kioo na bila indiketa. Mama mmoja kazima gari njia panda, kaliwasha, kalizima tena, basi akachanganyikiwa mpaka akaingia upande usio wake. Chuoni alikuwa anafanya vizuri tu, yani vizuri ya Raskazone. Kichwa kikiwa bado kinaufikiria mguu, macho hayapati nafasi ya kwenda kwenye kioo. Ukitaka kujipima kama uko tayari usijiulize kama unaweza kuliondoa gari, jiulize kama unaweza kuendesha huku unaongea na mwalimu habari za bei ya nazi na gia zinaingia zenyewe. Ukiona unanyamaza kila ukibadili gia, bado, lipia tena.

Na kulipia unalipa. Zamu ya ziada peke yako ndani ya gari mie nililipa elfu ishirini kwa saa, na saa hiyo moja kwa dakika za usukani ni sawa na siku nne za paki. Tena bora zaidi maana ni saa moja mfululizo. Kama hela ni ya mawazo, chukua paki ndogo kwa ajili ya msingi na nadharia, hela inayobaki nunua masaa ya peke yako wiki mbili kabla ya mtihani. Hizo za ziada ndo zilinivusha mie.

Mazoezi na ndugu yanasaidia pia, mradi una leseni yako ya lena (ya anayejifunza) mkononi, gari lina L, na aliyekaa pembeni ana leseni halali ya gari la aina hiyo. Muda wa lena uuangalie, usije ukafika siku ya mtihani imeisha. Mume wangu alinisimamia Jumapili asubuhi kule Sahare, tulinuniana mpaka wakati wa chakula cha usiku, anashika dashibodi kama tunazama. Mkiweza tafuteni mjomba au kaka, mume muacheni apumzike.

Bei, paki ya wiki nne laki mbili na nusu, nadharia ndani yake, lena na ada ya mtihani na ya leseni yenyewe unalipa pembeni kwa utaratibu wa serikali, hizo usimpe mtu wa ofisini mkononi, ingiza mwenyewe kwa kontroo namba. Kuna watu wanauliza kama wanaweza kupata cheti bila kuendesha, mie hao siwajibu, na nitawakimbia barabarani.

Ofisini huduma ya kawaida, wanachelewa kufungua, ukipiga simu gari liko wapi jibu ni "linakuja hapo Mabawa" hata kama liko Chumbageni. Gari likiharibika zamu hairudishwi mpaka uidai, na usipodai imekwenda.

Kwa ujumla nawapa nyota tatu. Nne na nusu za mwalimu, moja na nusu ya muda, mtagawanya wenyewe. Kwa anayeanza sifuri na ana hela kidogo ya ziada, nenda. Kwa anayetaka wiki nne zimtoshe, tafuta chuo wanachoingia watu wawili kwa gari, bei iko juu kidogo ila ukigawa kwa dakika utakuta ni nafuu. Mkienda ombeni zamu ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara bado ina nafasi na mzee ndo anaingia zamu hiyo, na gari ombeni lile jeupe, la kijivu klachi yake inashikia juu mno na siti haisogei mbele, watu wafupi mtateseka.